Michirizi ya tumbo na mapaja: leza, visindano au niache tu? Naombeni ushauri

Mama Wawili:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka 34, niko Dar. Mimba ya kwanza iliniachia michirizi tumboni, sikuhangaika nayo, ikafifia yenyewe. Sasa huyu wa pili ana miezi kumi na naona mingine imetoka mapajani kwa ndani na karibu na kwapa. Hii ni minene, rangi yake ya zambarau iliyokolea. Na pembeni ya macho nikicheka makunyanzi yameanza kujionyesha.

Kuna saluni karibu na kazini wameleta mashine ya leza. Wanasema tumbo litarudi la kisichana, na ukilipia vikao vyote kwa mkupuo wanakupunguzia. Shoga yangu ananiambia achana na leza, tafuta wanaochoma visindano vidogo vidogo. Mafuta ya nazi na siagi ya kakao nimepaka mpaka mashuka yananuka. Mwezi ujao napokea mchezo na sitaki hela ipotee. Aliyewahi kufanya aniambie ukweli. Wa matusi apite kushoto.

Fundi Spana:
Dada, shemeji yetu hata haioni hiyo michirizi. Nunua kiwanja Chanika.

Mama Wawili:
Kaka Fundi, shemeji yako hajasema neno, ni mimi mwenyewe. Na kiwanja ninacho 😂

Njeri wa Ruaka:
Leza mimi nilifanyiwa hapa Nairobi, na ngozi yangu ni nyeusi tii. Michirizi ilibaki palepale, halafu juu yake yakatokea mabaka meusi yaliyokaa muda mrefu kuliko hata nilivyoambiwa. Daktari wa ngozi ndiye alinieleza baadaye: ngozi yetu ikiunguzwa, hata kidogo, inajibu kwa kumwaga rangi zaidi pale ilipoumia. Si kwamba leza haifai kabisa kwa mtu mweusi. Ila mashine ni nyingi, ya kuondoa nywele si ya makovu, na anayeishika lazima ajue kupunguza nguvu. Waulize hao watu mashine yao ni ya aina gani, nani ataishika, na wakuonyeshe picha za mteja mweusi waliyemfanyia wao wenyewe. Wakikutolea tumbo la Mzungu, beba mkoba wako uende.

Dawa Baridi:
Mama Wawili, kabla ya leza nina swali. Mwilini unapaka nini kwa sasa? Taja vyote, hata vya kuchanganya.

Mama Wawili:
Losheni ya kawaida tu mkuu. Ila dada wa duka la vipodozi alinishauri nikamulie humo tyubu moja ya famasi ili ngozi ilainike na iwe ya rangi moja. Sijichubui jamani, nasawazisha tu.

Dawa Baridi:
Soma maandishi madogo kwenye hiyo tyubu. Imeandikwa nini?

Mama Wawili:
Klobetasoli. Napaka mwili mzima tangu mimba ikiwa changa.

Dawa Baridi:
Basi tumefika. Klobetasoli ni katika steroidi (dawa za jamii ya homoni zinazotuliza uvimbe na muwasho) kali kuliko zote za kupaka. Ni dawa nzuri kwa pumu ya ngozi, kwa eneo dogo, kwa siku chache, kwa maelekezo ya daktari. Ukiifanya losheni inakonda ngozi, inavunja nyuzi zinazoishikilia, na ngozi inachanika kwa ndani. Huo mchaniko ndio michirizi yenyewe. Inapenda kutokea kwapani, kwenye kinena na mapajani kwa ndani, kwa sababu huko ngozi ni nyembamba na inakunja, dawa inanywewa zaidi. Ya tumboni ilitokana na mimba. Hii mipya siwezi kuapa bila kukuona, lakini mahali ilipotokea na hiyo tyubu vinaelekea upande mmoja.

Ukilipia leza leo huku unaendelea kupaka, utakuwa unatia maji kwenye pakacha.

Ila usiiache ghafla kesho asubuhi. Kwa mwili mzima na kwa muda huo dawa inaingia kwenye damu, na tezi zinazotengeneza homoni ya aina hiyo zinaweza kuwa zimelala. Wengine wakiacha ngozi inawaka moto na kuwa nyekundu, wengine wanaishiwa nguvu. Muone daktari akupunguzie kwa utaratibu. Na kama unanyonyesha, kifuani usipake kabisa.

Mama Wawili:
Mh. Na makopo mengine yanauzwa tayari yamechanganywa.

Dawa Baridi:
Kipodozi chenye steroidi hakiruhusiwi nchini, sawa na chenye zebaki au haidrokwinoni ya kuchubua. Vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019; TMDA, mamlaka ya dawa, wakabaki na dawa na vifaa tiba. Lakini Kariakoo unaijua.

Kibosho Juu:
Nakazia. Nimefanya kazi ya uuguzi kliniki ya ngozi huku Moshi, kinamama wa mkorogo tulikuwa tunawapokea kila wiki. Michirizi ikiwa bado na rangi iliyoiva ndipo tiba inapofanya kazi. Kuna krimu ya tretinoini, inapakwa usiku na inataka miezi. Lakini si kwa mjamzito wala anayepanga mimba karibuni, na kwa anayenyonyesha daktari aamue. Ikishakuwa myeupe hakuna cha kuifuta, inapunguzwa tu. Visindano vina nafuu kuliko leza kwa hatari ya mabaka, ila mwenye asili ya kovu kubwa linalovimba akae mbali, na kale karola kenye visindano ka kujichoma nyumbani msiazimane, kanatoa damu.

Bi Mkubwa wa Tanga:
Na makunyanzi ya macho mwanangu? Sindano ya Botox inalegeza misuli, ndiyo maana mikunjo ya kucheka inapungua, lakini baada ya miezi mitatu minne unarudi kulipa. Kwenye michirizi haina kazi. Mimi ningeanza na krimu ya jua ya SPF 30 kila asubuhi. Zipo zisizoacha uso na majivu, jaribu mkononi kabla hujanunua.

Mama Wawili:
Asanteni sana. Mchezo nausubirisha. Kliniki ya ngozi Muhimbili naweza kwenda moja kwa moja?

Dawa Baridi:
Anzia hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa wakupe rufaa, hasa kama unatumia bima. Nenda na tyubu na losheni zote, usiwasimulie tu.

Fundi Spana:
Na lile duka la vipodozi litaje PM, mke wangu ananunua maeneo hayohayo.