Zwart Front ya Uholanzi: walikuwa na watu kweli au kelele tu?

mwana_ngamiani: Habari za jioni wadau. Jana barazani hapa Ngamiani ubishi ulikuwa mkali mpaka kahawa ikapoa, jamaa mmoja kashikilia kwamba Waholanzi nao walikuwa na mashati meusi kama ya Mussolini, chama kinaitwa Zwart Front cha Arnold Meijer, na eti Hitler alipoingia 1940 akawakabidhi nchi. Mi namjua Mussert tu na NSB, kile chama chake cha Wanazi wa Kiholanzi. Hawa wengine vipi?

bahari_raskazone: Walikuwepo mkuu, ila kelele nyingi. Mwanzo ni ANFB, chama cha mafashisti cha Jan Baars, muuza bidhaa sokoni Amsterdam, 1932. Meijer alisomea upadri akaishia njiani, akawa na watu wake kusini kwa Wakatoliki, Brabant huko, 1934 akajitenga na Baars akaanzisha chake. Uchaguzi wa 1937 kura kama 8,000 nchi nzima, wakati bunge enzi hizo lilikuwa na viti 100 na kiti kimoja kilitaka kura kama 40,000, piga hesabu mwenyewe. NSB walitoka na viti 4.

bi_chumbageni: Na kanisa mmelisahau. Kusini kule Mkatoliki alikuwa na chama chake cha siasa, gazeti lake, chama cha wafanyakazi chake, mpaka redio yake, sasa huyu Meijer anakuja kumuuzia nini ambacho hana? Halafu 1933 serikali ikapiga marufuku sare za vyama, chama ambacho mvuto wote ni shati ukilivua unabaki na hotuba 😂

bahari_raskazone: Hahaa, kweli kabisa bibie.

mzee_wa_mkonge: Hilo la kukabidhiwa nchi mwambie huyo jamaa aache. 1940 walibadili jina wakawa Nationaal Front, wakitaka Uholanzi iungane na Flanders ya Ubelgiji iwe dola moja, yenyewe inajitawala. Mjerumani akubali hilo kwa lipi? Desemba 1941 akafuta vyama vyote akabakiza NSB peke yake, na hata huyo Mussert hakupewa nchi, mtawala alikuwa Seyss-Inquart, Muaustria aliyewekwa na Hitler, Mussert akabaki na cheo cha kiongozi bila nchi ya kuongoza mpaka akapigwa risasi 1946.

mwana_ngamiani: Asanteni sana, leo namsubiri hapo barazani, kashata juu yake.