Televisheni ya bei rahisi: nichukue au nisubiri?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Amu (Lamu), mtaa wa Langoni, namtafutia mamangu televisheni ya inchi 32. Duka moja la Mombasa lina mbili: ya jina kubwa shilingi 24,000, na ya jina nisilolijua 13,500. Zote za LED, zote waranti ya mwaka mmoja. Nimezitazama kwa karibu. Ile rahisi, ukisimama kando picha yapauka, na plastiki ya nyuma yabonyea kwa kidole. Lakini ukikaa mbele yake, wallahi sioni tofauti ya elfu kumi.

Najua jina nalo lina bei yake, na matangazo hulipwa na mnunuzi. Vioo vya televisheni navyo hutoka viwanda vichache, kampuni nyingi hununua huko huko. Kwa hivyo rahisi si lazima iwe mbovu. Wasiwasi wangu ni vya ndani, bodi na pawasaplai, ile sehemu inayoipa televisheni stima. Huku kwetu hewa ya chumvi hula chuma, na stima ikipotea hurudi kwa nguvu. Tena ikiharibika, ni boti hadi Mokowe, kisha basi hadi Mombasa. Waranti ya namna hiyo yamfaa nini mama mtu mzima?

Mliotumia hizi za bei ya chini huku pwani, zimedumu? Na nyinyi mafundi, vipuri vyake vyapatikana Amu au Malindi? Nikiongeza kifaa cha kuzuia stima kubwa, yatosha, ama ningoje nijazie hela? Naomba ushauri kabla ya mwisho wa mwezi.