Matembezi ya vuli: lenzi moja ndefu, moja ya katikati, au mbili begani?

Mpiga_Ukungu (mwanzisha mada)

Habari zenu wadau. Naomba tulinganishe kwa uwazi kabisa, kila mtu aseme anachokijua.

Napiga picha kwa mapenzi tu, si kazi yangu, na hakuna msimu ninaoupenda kama huu wa majani kupukutika. Kulungu madume wako katika kupandana na kupigana, bata bukini wanapita makundi kwa makundi, na msitu wenyewe umegeuka manjano na kahawia. Kinachonitesa ni kwamba vyote hivi vinakuja kwa pamoja, hasa katika saa ile ya kwanza baada ya jua kuchomoza. Ukiwa na lenzi pana kwenye kamera, dume anatokeza ukingoni mwa msitu. Ukifunga ile ndefu, ukungu unafunguka bondeni na mwanga wote wa maana unapita pale.

Kamera yangu ni ya sensa ya APS-C (ndogo kuliko ile kubwa ya fremu kamili), natembea kwa miguu nusu siku, mzigo mgongoni. Ninayoyafikiria ni haya:

A. Lenzi ya milimita 150-600 (namba kubwa huvuta vya mbali, ndogo huona eneo pana) kwa wanyama na ndege, mandhari nipige kwa simu.
B. 100-400 peke yake, ifanye kila kitu.
C. Lenzi mbili: 16-50 ya mandhari na 70-300 nyepesi, nibadilishe njiani.

Mngekuwa nyinyi mngebeba ipi?

---

Bukini_Mzee

A, bila kusita, maana ndege ndio ugonjwa wangu. Kwenye APS-C hiyo 600 inaona kama 900 kwa sensa kubwa, na kwa bukini au korongo walio katikati ya bwawa hata hiyo si nyingi. Ndege aliye mbali ukimkata sana kwenye kompyuta, manyoya yanabaki uji.

Uzito ni kweli upo. Nyingi za aina hiyo zinafika kilo mbili au karibu na hapo, ndiyo maana mimi natumia stendi ya mguu mmoja. Unaisimamisha, unaegemeza, unageuka na ndege bila kuhangaika. Tripodi kwa ndege wanaoruka inakufunga mikono.

Kasi ya shata (pazia la kamera): 1/2000 ya sekunde kwa bukini wanaonyanyuka majini, 1/1600 wakishakuwa angani wametulia. Ukishuka chini ya hapo ncha za mabawa zinafifia.

---

Dada_Matete

Shikamoo Mzee Bukini. Kwa ndege sina ubishi na wewe. Lakini mwenzetu hakuuliza ndege peke yake, na mimi ningemwambia B.

Watu wanadhani mandhari ni lazima lenzi pana. Asubuhi ya vuli ndiyo wakati lenzi pana inakunyima mengi: anga tupu juu, majani makavu chini, na ule mstari mzuri wa vilima umekuwa uzi katikati ya picha. Weka 150 au 200 uelekee vilima vyenye ukungu. Milima inasogeleana, tabaka juu ya tabaka, kila moja imepauka kidogo kuliko iliyo mbele yake. Hiyo ndiyo picha ya vuli ninayoifuata mimi.

Halafu kuna kulungu. Dume anapotaka kunguruma hutulia kwanza, anainua pua, shingo inanyooka, pembe zinalala mgongoni, ndipo sauti inatoka. Baridi ikiwa kali, pumzi yake inaonekana kama moshi, ila tu ukiwa umesimama upande ambao jua linakuja nyuma yake na nyuma ya kichwa chake kuna kivuli cha miti. Anga nyeupe ikiwa nyuma, moshi huuoni. Kwa hiyo tafuta kivuli kwanza, kulungu baadaye. Punguza mwangaza hadi -1 ili ukingo wa mwili ung'ae na msitu ubaki mweusi. Picha hiyo naipiga kwenye 250 hadi 400, wala sijawahi kutamani 600, kwa sababu nataka na nyasi zenye jalidi zionekane.

Jambo lingine la B: nyingi za 100-400 zinafokasi kwa karibu, mita moja na kidogo. Uyoga, jani lenye umande, vyote unavipata bila kubadilisha chochote.

---

Jiwe_la_Mtoni

Natetea C, maana naona imeachwa yatima.

Simu ya A siikubali kwa mandhari. Sensa yake ni ndogo, na kwenye mwanga hafifu wa alfajiri programu yake inalainisha majani hadi yanakuwa kama rangi iliyopakwa. Majani ndiyo vuli yenyewe! Na B haiwezi kukupa kijito kilichojaa majani miguuni pako pamoja na msitu nyuma yake. Kwa picha hiyo unahitaji 16, tripodi, shata ya nusu sekunde maji yalainike, na filta ya polaraiza.

Hiyo filta naisisitiza. Majani yaliyolowa yana mng'ao mweupe unaoficha rangi. Ukiizungusha taratibu huku unaangalia kioo, ghafla wekundu unatoka. Inakula mwanga kiasi cha stopu moja hadi mbili (kila stopu ni kupunguza mwanga kwa nusu), ndiyo maana tripodi. Ila kwenye lenzi pana usiitumie kwa anga la buluu, upande mmoja wa anga unakuwa mweusi na mwingine mweupe.

Kubadilisha lenzi si balaa. Zima kamera, mdomo wa kamera uangalie chini, upe upepo mgongo, lenzi nyingine iwe tayari mkononi. Kwenye ukungu mzito au manyunyu usibadilishe kabisa.

---

Mpiga_Ukungu

Asanteni sana. Jiwe, simu umenishawishi niiache. Dada Matete, swali: mwanga wa alfajiri ni mdogo, na hizi lenzi za B nyingi zinaishia f/6.3 kwenye 400, yaani tundu la mwanga ni dogo. Si nitabaki na picha za chembechembe?

---

Dada_Matete

Chembechembe zitakuwepo, na si tatizo. Dume aliyesimama nampiga 1/250 kwa sababu kituliza mtikisiko kinasaidia, akitembea 1/500, wakipigana 1/1000. ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) naiacha ipande hadi 6400 na napiga RAW (faili ghafi). Programu za leo za kusafisha chembe zinafanya kazi nzuri. Picha iliyotikisika haiponi, yenye chembe inapona.

---

Saa_ya_Pili

Wadau, naona mnagawana lenzi wakati kinachotakiwa kugawanywa ni muda.

Kulungu na ndege wanaendeshwa na mwanga wa mwanzo na wa mwisho wa siku. Jua likipanda, kulungu wengi wanalala au wanaingia msituni. Hao hawatakusubiri. Ndani ya msitu ni tofauti kabisa: rangi za majani zinatoka vizuri zaidi mawingu yakiwa yametanda, hata saa tano asubuhi, hata baada ya mvua. Jua kali linapasua picha, vipande vyeupe huku na vyeusi kule. Kwa hiyo kijito cha Jiwe kinaweza kungoja. Kitakachogombana na kulungu ni ukungu wa bondeni tu, na huo unatabirika: usiku usio na mawingu, bila upepo, ardhi ikiwa na unyevu, asubuhi yake uende ukiwa umejiandaa. Kamera inadanganywa na weupe wake, ongeza mwangaza hadi +1 la sivyo ukungu unatoka kijivu.

Na rangi vilevile fuatilieni hali ya hewa. Manjano yalikuwemo kwenye jani tangu zamani, yamefunikwa na kijani. Kijani kikivunjika yanaonekana. Wekundu ni habari nyingine, mti unautengeneza wakati huo huo wa vuli, na unakolea mchana ukiwa wa jua na usiku wa baridi isiyofika kugandisha. Baridi kali ikija mapema majani yanakufa na kuanguka kabla hayajakolea.

Kwa mpangilio huo B inatosha alfajiri, na lenzi pana inakaa mfukoni hadi saa nne.

Jambo dogo: mizania ya rangi isiwe otomatiki. Otomatiki inaona manjano mengi inadhani ni kosa, inayapoza. Weka ya mwanga wa mchana.

---

Nyayo_Laini

Nimesoma yote na hakuna aliyegusa umbali isipokuwa kwa kupima milimita.

Kulungu dume katika msimu huu karibu hali chakula chochote, anaishi kwa mafuta aliyoyahifadhi, na anatoka akiwa amekonda sana kuelekea baridi. Kila anapokimbia kwa ajili yako anatumia nguvu anayoihitaji. Bukini nao wanapumzika katikati ya safari ndefu. Kundi zima likiinua vichwa kwa pamoja, umeshakaribia mno, rudi nyuma kabla hawajaruka.

Richmond Park, London, wanaelekeza mita 50 kutoka kwa kulungu. Yellowstone wanataka yadi 25 kwa elki (kulungu wakubwa wa huko), karibu mita 23, na yadi 100 kwa dubu na mbwa mwitu, karibu mita 91. Mimi nachukua 50 kuwa chini kabisa popote nilipo, na sisimami kamwe kati ya dume na majike yake. Wala msiwapigie sauti za kurekodi ili waje.

Kwa hoja hiyo namuunga mkono Mzee Bukini nusu: urefu wa lenzi ni heshima kwa mnyama. Ila 400 kwenye APS-C kwa mita 50 inamjaza dume kwenye fremu vizuri tu.

---

Bukini_Mzee

Marahaba Dada Matete, na Nyayo umenena. Kwa kulungu nakubali B. Kwa bwawa sibadiliki, aende na 600 siku anayokwenda bwawani tu.

Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, baridi inazimaliza haraka. Na ukirudi ndani kwenye joto usifungue begi mpaka kamera ipate joto taratibu, vinginevyo unyevu unajitengeneza juu ya kioo.

---

Mpiga_Ukungu

Basi nimeamua. 100-400 kwenye kamera tangu gizani, ile 16-50 ndogo ndani ya begi pamoja na polaraiza, tripodi nyepesi imefungwa ubavuni. Nimehifadhi mipangilio miwili kwenye kitufe: mmoja 1/500, ISO otomatiki mwisho 6400, -1 kwa kulungu dhidi ya mwanga, mwingine +1 kwa ukungu. Usiku wa kwanza usio na mawingu natoka. Picha nitaziweka hapa hapa, pamoja na mipangilio yake, mzikosoe.