Mrejesho: yule golikipa wangu wa dola milioni 4.5

Wakuu, nimerudi. Niliwauliza nimfanyeje golikipa wangu kwenye ligi ya umeneja (mchezo wa kuigiza umeneja wa timu) tunayocheza kazini hapa Toronto, kwa kanuni za NHL, ligi ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, za msimu wa 2023–24. Milioni 4.5 kwa mwaka, msimu ukiisha bado anadai miaka 3, na anafungwa mpaka mashuti ya kutokea mstari wa bluu, mbali kabisa na goli!

Kwanza nilimshusha ligi ya chini nikidhani nimetua mzigo. Wapi! Kwenye kikomo cha mishahara (jumla ya mishahara ambayo timu hairuhusiwi kuivuka) nilipunguziwa milioni 1.15 tu, 3.35 zikabaki shingoni, na mtu mwenyewe hayupo.

Aliyenitajia golikipa Jack Campbell, asante. Timu yake ya NHL, Edmonton, walimshusha Novemba 2023, kiangazi kilichofuata wakavunja mkataba, na deni wanalibeba misimu 6.

Nami nimevunja. Ukivunja unalipa theluthi mbili ya deni, kwa miaka mara mbili ya iliyobaki: miaka 3 ya 4.5 ni milioni 13.5, theluthi mbili yake ni 9, ikigawanywa kwa miaka 6 ni 1.5 kila mwaka. Inauma, hasa ile mitatu ya mwisho, ambayo mkataba ungekuwa umeshaisha. Ila kwenye kikomo nafasi ya milioni 3 kwa mwaka nimeipata kwa sasa, nimeshachukua beki. Golini nimeweka kijana wa mshahara wa chini kabisa; juzi kadaka 31 kati ya 33.