Wakuu naombeni ushauri: kozi ya video au vitabu, kwa mtihani wa struktura wa Marekani

Zege la Goba: Habari za jioni wakuu. Mi ni injinia wa majengo, niko saiti huku Mbweni, nataka kufanya PE Structural, ule mtihani wa leseni ya mainjinia wa struktura unaotolewa na NCEES ya kule Marekani, maana kuna bosi kaniahidi kazi ya kudizaini nikiwa hapahapa Dar. Sasa nimekwama, kuna kozi ya video bei imesimama, na kuna vitabu vya jamaa mmoja, kipi kitanivusha? Usiku silali, kichwani ni kipsi na inchi, vipimo vya Kimarekani, tu na mimi nimezoea kilonyutoni. Nawasilisha.

Bwana Nondo: Nimewahi siti ya dirishani 😂

Mama Wawili: Mdogo wangu, usajili wa bodi ya mainjinia ya hapa nyumbani umemaliza? Kariakoo Novemba 2024 ghorofa limeshuka na watu ndani, we unakimbilia kuwadizainia wazungu.

Mtoto wa Msasani: Usisome peke yako. Sisi pale Mlimani tulikuwa wanne, umeme ukikatika tunahamia nje kwenye taa ya mlinzi. Mmoja wetu sasa anafuga kuku wa nyama Chanika na ana hela kutuzidi wote.

Mzee wa Nguzo: Mleta mada, hivyo vitabu ni vya mwaka gani?

Zege la Goba: Viko vizuri tu mkuu, hata havijachanika.

Mzee wa Nguzo: Mwaka, kijana.

Zege la Goba: Jamaa alivitumia 2019. Ila kavibandika stika, njano upepo, nyekundu tetemeko, ukishika tu umefika ukurasa. Na kusema ukweli nishatoa laki sita. Tetemeko si lilelile?

Mzee wa Nguzo: Tetemeko lilelile, mtihani ndo sio. Zamani zilikuwa siku mbili, masaa manane kila siku, unaingia na begi lako la vitabu. Tangu Aprili 2024 ni kompyuta, vipande vinne, jumla masaa 21, na vitabu vya kanuni za kudizaini unavikuta kwenye skrini humohumo. Stika zako zinaishia mlangoni. Kabla hujalipia kozi yoyote waulize mazoezi yao yanafuata matoleo gani ya kanuni, kisha linganisha na orodha ya NCEES yenyewe.

Zege la Goba: Sawa, ila vya kusomea nyumbani vinafaa, si lazima niingie navyo.

Mpiga Rula: Mi naona chai hapa. Kule ukijisajili unachagua bodi ya leseni ya jimbo, wewe jimbo gani?

Zege la Goba: Hilo bosi ndo anafuatilia.

Mpiga Rula: Bosi hajui jimbo, ila rangi za stika unazo kichwani zote. We ndo mwenye vitabu, unatafuta mteja.

Bwana Nondo: Stika nyekundu hiyo 😂😂

Zege la Goba: Mnanikosea sana wakuu. Mimi nalia na laki sita zangu!

Injinia Tegeta: Mi nachukua kwa laki nne, ya kujifunzia tu.

Zege la Goba: Fanya tano mkuu, njoo inboksi.