Je, mtu ambaye hajawahi kubaguliwa kwa rangi yake anaweza kweli kuuelewa ubaguzi huo?

Mjomba wa Kirumba aliandika:

Ndugu zangu, habari za jioni. Naomba mnisaidie kufikiri juu ya jambo ambalo limeninyima usingizi kwa majuma mawili sasa.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, ambaye nimemlea hapa Kirumba tangu akiwa darasa la tatu. Mwaka jana alipata nafasi ya kusomea uhandisi katika mji mmoja mdogo wa Ulaya Mashariki. Siku moja alinipigia simu akanieleza kwamba katika duka analonunulia mkate, mwanamke anayepokea fedha huwapa wateja wengine chenji mkononi, lakini ikifika zamu yake humwekea sarafu juu ya meza, kisha huurudisha mkono haraka. Akasema pia kwamba ndani ya basi kiti cha pembeni yake hubaki kitupu hata pale ambapo watu wamesimama. Mimi, kwa nia njema kabisa, nikamjibu, "Labda ndio utaratibu wao, mwanangu. Usiyaweke moyoni, kilichokupeleka huko ni masomo." Alinyamaza kidogo, akasema, "Sawa, mjomba," akaulizia hali ya bibi yake, na mazungumzo yakaishia hapo. Tangu siku hiyo hunipigia kama kawaida, ila mambo ya huko hayagusi tena. Juzi dada amenieleza kwamba alipombana kijana ili ajue sababu, alijibiwa, "Mjomba hawezi kuelewa."

Neno hilo limenichoma. Nimezaliwa Mwanza, nimesoma Mwanza, na kazi yangu ya kuuza nyavu na vifaa vya uvuvi sijaifanyia mahali pengine. Sijawahi kuingia mahali nikahisi kwamba ngozi yangu imetangulia kufika kabla yangu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kama methali hiyo ndiyo kauli ya mwisho, basi kijana amesema kweli na sina la kufanya isipokuwa kumtumia ada. Lakini moyo wangu unakataa. Nawauliza wenye uzoefu na wenye elimu: je, inawezekana?

Msafiri wa Nyegezi alijibu:

Mkuu, pole sana. Nilifanya biashara ya viatu na vitenge Guangzhou, China, kwa miaka sita, na Aprili 2020 nilikuwa miongoni mwa Waafrika waliotolewa katika nyumba walizopanga na kukataliwa hotelini, eti tunaeneza korona. Kodi yangu ilikuwa imelipwa. Nililala nje usiku huo, begi likiwa mto wangu.

Watu wakisikia habari hiyo hudhani kwamba usiku huo ndio uliokuwa mzito kuliko yote. Naomba niseme wazi kwamba sivyo, kwa sababu usiku huo hapakuwa na cha kubishania. Kila mtu aliona. Kilichonichosha ni siku za kawaida. Teksi inakupita na kumchukua mtu aliyesimama hatua kumi mbele yako, nawe unaanza kupiga hesabu: ni rangi yangu, au dereva hakuniona? Muuzaji amenijibu kwa ukali: ni rangi yangu, au ameamka vibaya? Hesabu hiyo haina jibu la hakika, na unaipiga tangu asubuhi hadi unapolala. Mpwa wako alipokusimulia habari ya chenji, alikuwa ameshaipiga kwa majuma mengi, amewatazama wateja waliomtangulia na waliomfuata, akajiridhisha. Wewe kwa sentensi moja ukamrudisha mwanzo.

Kwa swali lako, jibu langu ni hapana. Unaweza kuhurumia, unaweza kusaidia, lakini hesabu hiyo hutaijua.

Mwalimu Mstaafu, Bukoba, alijibu:

Nayaheshimu maneno ya ndugu aliyetangulia, ila hitimisho lake silikubali. Nimefundisha historia kwa miaka thelathini na moja, na naona hapa tunachanganya kuonja na kuelewa.

Mwaka 1968, siku moja baada ya Martin Luther King, mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, kuuawa, mwalimu Jane Elliott wa Riceville katika jimbo la Iowa, Marekani, aliwagawa wanafunzi wake wa darasa la tatu, wote wakiwa Wazungu, kwa rangi ya macho. Kundi moja likaambiwa kwamba ni bora na likaongezewa muda wa mapumziko, na lingine likadharauliwa mbele ya wenzao. Baadaye zamu ikageuzwa. Waliodharauliwa walianza kushindwa hata kazi walizozimudu kabla. Bila shaka walionja kitu. Hata hivyo, jioni walirudi katika nyumba zao, katika mitaa yao, wakiwa Wazungu wale wale, na jaribio hilo peke yake halikuweza kuwaeleza kwa nini Mmarekani mweusi alinyimwa mkopo wa nyumba au kwa nini baba yake hakupiga kura.

Sasa tazama upande wa pili. Tarehe 21 Machi 1960 polisi wa Afrika Kusini waliwaua watu 69 pale Sharpeville, watu waliokuwa wakiandamana kupinga sheria ya pasi, iliyomlazimisha Mwafrika kubeba kitambulisho kila aendako. Wazee wetu wengi hawakuwahi kuibeba pasi hiyo mfukoni. Pamoja na hayo, nchi hii maskini ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Afrika tangu 1963, na mwaka 1977 iliwapa wakimbizi wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ardhi ya Mazimbu, Morogoro, wakajenga shule. Kwangu mimi huko ni kuelewa kwa kiwango cha juu kuliko kile cha mtu anayelia akiona picha, halafu akaendelea na chakula chake.

Mwana wa Makoroboi alijibu:

Shikamoo, Mwalimu. Naomba nikukosoe kidogo kwa heshima zote, kwani wazee wetu walionja wakiwa hapa hapa. Chini ya Waingereza shule za Tanganyika zilitenganishwa: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, na mtoto wa Kiafrika alitengewa fungu dogo kuliko wote.

Mimi ni Mtanzania mwenye asili ya Kihindi, kizazi cha tatu, na duka letu halipo mbali na Makoroboi. Nimeulizwa "kwenu hasa ni wapi?" mara zisizo na idadi, nyingine na watu waliohamia Mwanza juzi. Kwa hiyo nilijihesabu kuwa ni mtu anayeujua ubaguzi. Ndipo mzee mmoja wa Kisukuma, mteja wa siku nyingi wa marehemu baba yangu, aliponisimulia jinsi alivyofuatana na baba yake kuuza pamba, akiwa mtoto, kabla ya vyama vya ushirika. Mnunuzi Mhindi alisimama katikati, mgongo wake ukiwa kwa mkulima na uso wake kwenye mzani, akataja uzito. Baba wa huyo mzee, mtu aliyeheshimiwa na kijiji kizima, hakuthubutu kusogea hatua moja ili asome mwenyewe. Ni mizani kama hiyo iliyowafanya wakulima wa kanda hii wamfuate Paul Bomani, kiongozi wa ushirika, hadi vyama vyao vikaungana mwaka 1955 katika shirikisho la Victoria.

Babu yangu alikuwa mnunuzi wa pamba. Nilikuwa na neno tayari mdomoni, kwamba babu hakuwa mtu wa namna hiyo. Nikalimeza, ingawa liliniuma koo, na mzee akaendelea kwa saa nzima. Ningelisema, nina hakika angemaliza chai yake na kuniaga.

Mama wa Igombe alijibu:

Kaka yangu wa Kirumba, nimesoma yote na nimelia kidogo. Mwanangu wa pili ana ualbino. Najua kwamba yaliyompata hayafanani na ya mpwa wako, kwa kuwa yeye hubaguliwa na watu wa kabila lake mwenyewe, lakini swali lako ndilo ninaloishi nalo. Mimi niliyemzaa nina ngozi nyeusi. Umetaja methali ya kitanda na kunguni. Basi mimi nimelala naye kitanda kimoja kweli kweli, mlango ukiwa umeegemezwa kabati, katika ile miaka ya kuanzia 2007 ambapo watu wenye ualbino waliwindwa na kuuawa huku Kanda ya Ziwa kwa sababu ya ushirikina. Nilidhani hofu yetu ni moja.

Alipokuwa na miaka tisa tulipanda daladala kwenda mjini. Alivaa kofia yake pana na shati la mikono mirefu, akaketi dirishani upande usio na jua. Nyuma yetu walikaa vijana. Ghafla nikahisi vidole vyake vimekaza kwenye kitenge changu, nikamwuliza kama amechoka, akatikisa kichwa. Tuliposhuka ndipo aliponiambia kwamba kijana mmoja alitamka "dili" kwa sauti ya chini na wenzake wakacheka. Kwa wasio wa huku, hilo ni neno la kumwita mtoto bidhaa. Nikamwambia kwamba mimi sikusikia chochote. Akanijibu, "Mama, wewe husikii kwa sababu hawakuiti wewe."

Sasa ni kijana mkubwa, na bado sisikii anachosikia. Nilichojifunza ni kutazama vidole vyake, na kuacha kusema "hawakukusudia". Msafiri amesema hapana, na namwelewa. Lakini ikiwa hakuna njia yoyote ya kuelewa bila kuonja, basi mwanangu yuko peke yake ndani ya nyumba yangu, na hilo siwezi kulikubali.

Mjomba wa Kirumba aliandika:

Nawashukuru nyote, na wewe dada wa Igombe hasa. Jana usiku nilimpigia. Sikumpa ushauri wowote. Nilimwambia kwamba nilikosea siku ile ya habari ya chenji, nikamwomba anisimulie upya. Alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema kwamba siku hizi hapokei chenji tena: huzihesabu sarafu chumbani kwake kabla ya kutoka, huenda dukani na fedha kamili ya mkate, huiweka mezani mwenyewe na kuondoka.

Leo asubuhi mvuvi mmoja alikuja kununua uzi wa kushonea nyavu, akanipa noti ya elfu kumi. Nilipokuwa nikimrudishia chenji yake, nilijikuta nimeutazama mkono wangu mpaka vidole vyetu vilipogusana.