Kupima maji kwenye mawe ya Singida: nukta moja, mstari, au picha nzima?

Mwl_Ikungi: Wakuu habari zenu. Nina shamba ekari 5 huku Ikungi, mawe yamesimama kila upande. Mwaka jana nilichimbisha kisima cha mita 90 bila kupimiwa, kikawa kinatoka vumbi jeupe mpaka mwisho. Safari hii napima kwanza. Mpimaji mmoja anasema atapima nukta moja, wa pili anataka mistari, wa tatu anatoa picha nzima ya chini ila bei yake ni karibu mara tatu. Nimchukue yupi?

Fundi_Rigi: Pole sana mwalimu. Vumbi lile ni mwamba mzima, usiooza wala kupasuka, na granaiti (hayo mawe magumu ya huko) ikiwa nzima haina maji. Maji hukaa kwenye mwamba uliooza hapo juu, na kwenye nyufa chini yake. Wa nukta moja huchomeka vijiti vinne vya chuma: viwili vya nje vinapitisha umeme, viwili vya ndani vinasoma volti. Kadiri anavyotanua vya nje ndivyo umeme unavyozama. Kina cha tabaka atakipata vizuri, lakini ni hapo aliposimama tu. Ufa ukiwa mita 30 pembeni, haujui.

Mpimaji_Kati: Ndiyo maana mimi huanza na mstari. Nafasi ya vijiti haibadiliki, nahamisha seti nzima hatua kwa hatua. Granaiti nzima inasoma maelfu ya omu-mita (kipimo cha jinsi ardhi inavyozuia umeme). Ikiporomoka ghafla hadi mia moja au mbili, naweka kigingi, kisha hapo hapo napima kina. Lakini ikishuka chini ya 20 msishangilie! Mara nyingi ni mfinyanzi, au maji ya chumvi. Mfinyanzi umejaa maji ila hauyaachii. Mashine haioni maji, inaona umeme unavyopita.

Mama_Bustani: Sisi alitupimia mzee kwa kijiti cha mti, tukapata. Alituonyesha bondeni, penye mikuyu.

Mpimaji_Kati: Dada, bonde na mikuyu ni dalili za kweli, hata mimi huanzia hapo. Ila haziwezi kukuambia mwamba mzima unaanzia mita ngapi.

Fundi_Rigi: Picha nzima ni nzuri kwa kisima cha kijiji, mnapotafuta maji mengi. Kwa ekari 5, mistari miwili na nukta mbili tatu zinatosha. Maji yakitoka yapeleke maabara, Singida ina floridi (madini yanayoharibu meno yakizidi) na kipimo cha umeme hakiioni. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Na kabla ya rigi (mashine ya kuchimba) kuja, chukua kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Kati.

Mwl_Ikungi: Asanteni sana. Kumbe kosa langu lilikuwa kuchimba karibu na nyumba ili nipunguze bomba. Chini ya shamba kuna korongo. Namwita wa mistari aanzie huko.

Mpimaji_Kati: Akatishe korongo mwalimu, asilifuate. Na akupe namba zote kwenye karatasi, usikubali kigingi peke yake.